Nimuulize kaka yangu, au ninyamaze?

Swali: Assalaam aleikum daktari. Kaka yangu ana miaka 34, ni mvuvi, tunaishi Langoni, Lamu. Kusi ilipoingia aliacha kwenda baharini, tukadhani anapumzika kama wenzake. Sasa kusi imekwisha, wenzake wametoka na nyavu, yeye yuko ndani. Usiku hukaa barazani akitafuna muguka, ile aina ya miraa, hadi alfajiri. Hali chakula, hazungumzi, na anadaiwa na tajiri pesa za mashine ya boti. Wiki iliyopita alimwambia mkewe, "Mngekaa vyema lau mimi sipo." Tumemsomea, amenywa kombe la aya za Qur'ani. Mimi nataka kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, lakini mama amenikataza. Asema nitamtia wazo ambalo hana, na kwamba jambo hili likitoka nje, mdogo wetu aliyeposwa ataachwa. Je, nimuulize au ninyamaze? Dada mtu, Langoni.

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Muulize. Tena muulize leo, na kama yuko chumba cha pili hivi sasa, iweke simu uende. Haya niliyoandika ni marefu na yatakungoja.

Najua ninachokuomba. Nakuomba umvuke mama, na mtu hamvuki mamake kwa sababu tu muuguzi mmoja kasema. (Ndiyo, mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili, si daktari, ingawa ukipita na koti jeupe Usita wa Mui kila mtu ni daktari.) Basi nikupe sababu, umpelekee na yeye.

Hofu ya mama si ujinga. Hata sisi tuliosomea kazi hii tuliingia nayo darasani. Watafiti wakaona ni bora wapime kuliko kubishana. Mwaka 2005 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya wanafunzi 2,342 wa shule 6 za sekondari katika jimbo la New York. Waligawanywa makundi mawili: moja lilipewa karatasi yenye maswali ya kujiua, jingine likapewa karatasi isiyokuwa na maswali hayo. Siku mbili baadaye wakapimwa wote. Walioulizwa hawakutoka na fikra za kufa zaidi ya wenzao, wala dhiki yao haikuzidi. Na wale waliokuwa tayari wana huzuni nzito, au waliowahi kujaribu, ndio walioonekana wana nafuu kidogo kuliko wenzao ambao hawakuulizwa. Mwaka 2014 wengine wakazikusanya tafiti 13 za namna hiyo, za vijana na za watu wazima. Hakuna hata mmoja ulioonyesha kwamba swali lilizidisha fikra hizo.

Ukifikiri, si ajabu. Kaka yako amekaa barazani usiku wa manane kwa miezi. Unadhani kuna wazo ambalo halijampitia? Lile neno "lau mimi sipo" si lalamiko la deni. Mtu wa deni husema "nitalipa nini?" Huyu amejihesabu yeye mwenyewe kuwa ndiye mzigo, na katika kazi yetu hilo ni miongoni mwa maneno yanayotusimamisha wima.

Nami nikukiri langu. Miaka mingi nyuma, nikiwa mgeni kazini, alinijia fundi wa majahazi kutoka Matondoni. Mambo yake mengine nimeyageuza asijulikane. Tumbo linamchoma, usingizi hana, mkono hauna nguvu ya kushika tezo. Nikampa dawa ya tumbo. Akarudi, nikampa vidonge vya usingizi. Akarudi tena, nikamwandikia kipimo cha choo. Mara ya nne foleni ilinizidi, nikamwachia mwanafunzi wa uuguzi, msichana ambaye bado alikuwa hajajifunza kuwa kuna maswali watu wazima hawaulizwi. Akamuuliza, "Baba, umewahi kutamani ufe?" Mzee akaivua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akalia. Kisha akasema, "Mara nne nimekuja hapa nikingoja mtu aniulize." Alipona, alhamdulillahi. Lakini vile vidonge vya usingizi nilivyompa, paketi nzima, bila ya kumuuliza chochote, vilininyima mimi usingizi kwa muda mrefu.

Sasa namna ya kuuliza.

Usimwite ndani ukamkalisha kama shauri la kwa kadhi. Wanaume wetu husema vyema mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Mpelekee kahawa chungu hapo barazani watu wakishaondoka, au mpe nyavu mzitie viraka pamoja. Anza na uliyoyaona kwa macho yako, bila kuyapa jina: "Kaka, tangu kusi hujashika nyavu. Huli. Sikusikii ukicheka." Kisha: "Mtu akielemewa hivi, pengine hutamani hata kufa. Wewe umefika hapo? Umefikiria kujiua?"

Litaje neno lenyewe. Usilizungushe. Wengi huuliza, "Wewe huwezi kufikiria ujinga huo, sivyo?" Hapo umeshamwambia jibu unalolitaka, naye kwa kukuhurumia atakupa. Ukishauliza, nyamaza. Hata kahawa ikipoa. Kimya hicho kitakukera wewe kuliko yeye, na ukikijaza kwa maneno utakuwa umemfungia mlango alioanza kuusukuma.

Akisema ndiyo, usimwambie "Astaghfirullah, hiyo ni kufuru." Anajua. Huenda kujua huko ndiko kulikomshika mpaka leo, na ukimtupia usoni umemwongezea aibu juu ya maumivu. Usimwambie kuna wenye shida kuliko yeye. Hilo nalo anajua, na ndilo analojilaumia usiku kucha. Mwambie, "Ahsante kwa kuniambia. Hatutakuacha na jambo hili peke yako." Halafu uliza zaidi, kwa sauti ileile: je, ameshafikiria namna? Ameshapanga lini? Na usimwahidi kuwa hutamwambia mtu. Ahadi hiyo utalazimika kuivunja, na akiona umeivunja hatakuamini mara ya pili.

Kama ameshapanga, au ukiona ameanza kugawa vitu vyake vya uvuvi, au ghafla anawaomba watu radhi mmoja mmoja na wala si mwezi wa Ramadhani, basi hiyo ni safari ya siku ileile, hospitali ya King Fahd, kitengo cha dharura, na asiachwe peke yake hata dakika ya kwenda chooni. Dawa zote za nyumbani, za bibi za presha nazo, ziwe na mtu mmoja na zifungiwe. Sumu ya panya na chochote alichokitaja kiondoke nyumbani kabisa. Baharini asiende peke yake, hata akisema anakwenda kuangalia chombo tu. Usiku mkikwama, kuna simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo, na wako Befrienders Kenya, 0722 178 177, ambao kazi yao ni kusikiliza.

Na akisema hapana? Hujapoteza kitu. Umemwonyesha kuwa kuna mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kupiga ukelele. Muulize tena baada ya siku tatu nne.

Kuna hofu nyingine ambayo hukuiandika lakini mama wengi wanayo: polisi. Walikuwa na haki ya kuiogopa. Sheria yetu ya jinai, kifungu cha 226, urithi wa wakoloni, ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kufungwa hadi miaka miwili. Watu walificha majeraha nyumbani kwa sababu ya kifungu hicho, na wengine walifikishwa hospitali wamechelewa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ukimpeleka kaka yako hospitali unampeleka kwa tabibu, basi.

Turudi kwa mama na neno lake, siri ya nyumba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona wataalamu wengi wanaotoka bara hulipita kwa haraka. Wanakuja na fulana na mabango: zungumzeni, vunjeni ukimya! Mama wa Langoni anasikia: mtangaze mwanao gatini. Naye amelelewa kuwa sitara ni ibada, kwamba anayemsitiri mwenziwe naye husitiriwa. Ukimwambia aiache sitara umemwambia aiache dini na malezi yake kwa pamoja, na hatafanya hivyo, wala sitamlaumu.

Lakini sitara na kumnyima mtu tiba si kitu kimoja. Wazee walisema mficha uchi hazai. Hawakukusudia utembee uchi sokoni, walikusudia mbele ya mkunga. Yuko mtu wa kumfunulia, na ukimficha huyo hukusitiri, umeua.

Ziangalie nyumba zetu za mawe. Mlangoni kuna daka, lina mabaraza, kila mpita njia huketi. Ukivuka mlango kuna tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na ukuta umegeuzwa makusudi ili wa nje asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Kisha msana, ukumbi wa kukaa, kisha ndani. Mgeni wa daka si mgeni wa msana. Habari ya ugonjwa wa kaka yako nayo iwekeni hivyo. Wa ndani ni yeye, mkewe, wewe na mama: nyinyi mnajua yote, pamoja na lile neno la kufa. Wa msana ni tabibu, na mtu mmoja mwanamume anayemwamini, mjomba au nahodha wake wa zamani: nao wanajua yote wanayohitaji ili wasaidie. Wa tekani ni ndugu wengine na tajiri: wanaambiwa anaumwa, anatibiwa, apewe muda. Wa daka wataambiwa "Hajambo kidogo, tunamshukuru Mungu." Hakuna uongo hapo hata mmoja. Mpelekee mama mpango huu. Nimeuona ukiwafungua akina mama ambao mabango hayakuwafungua, kwa kuwa haukuwataka wavunje nyumba, uliwataka wafungue milango kwa utaratibu wake.

Na mdogo wenu aliyeposwa? Sitakudanganya kuwa watu hawasemi. Husema. Huzuni kubwa ina upande wa kurithi, lakini ni sehemu tu, kama presha na sukari, na hakuna posa inayovunjwa Lamu kwa sababu ya presha ya kaka wa bibi harusi. Upande wa bwana wakiuliza, jibu la tekani linatosha. Wakishinikiza zaidi ya hapo, mmejifunza jambo kuhusu wakwe hao kabla ya nikaha. Ila pima kwenye mizani ya mama mwenyewe: aibu ya kijana anayetibiwa, na ule msiba anaouogopa hata kuutaja, upi utakaa muda mrefu zaidi barazani?

Tatizo jingine ni maneno yenyewe. Serikali na redio husema "afya ya akili". Neno zuri, lakini kwetu akili ni kitu kimoja na kinyume chake ni wazimu, katikati hapana kitu. Ukimwambia kaka yako ana tatizo la akili, amesikia minyororo, amesikia Mathari. (Hospitali hiyo ya Nairobi ina zaidi ya miaka 100 sasa, na jina lake bado ni tusi la watoto hata huku pwani.) Tanzania wataalamu wanasema sonona, vitabu vingine vinasema unyogovu. Sijawahi kumsikia mvuvi akiniambia ana unyogovu. Huniambia: roho nzito, moyo umechoka, mawazo mengi, mwili umekufa ganzi, mato hayalali. Mzungumzishe kwa hayohayo.

Kuhusu kombe na kisomo, endeleeni. Maji, zafarani na maneno ya Mwenyezi Mungu hayapigani na dawa yoyote ninayoijua. Masharti yangu ni mawili. Asipigwe wala asifungwe kwa jina la kutoa jini. Na asiambiwe aache vidonge ili kombe lifanye kazi. Walimu wengi wa Lamu ni watu wa busara, na ukimshirikisha mwalimu wenu mapema, huenda yeye ndiye atakayemshika mkono kumpeleka hospitali.

Najua kuna watakaosema mwenye imani hashikwi na huzuni ya namna hiyo. Wakumbushe Sura Yusuf. Nabii Yaakub alihuzunika mpaka macho yake yakageuka meupe, huzuni ya moyo ikauvunja mwili wa mtume. Na aliposema kuwa anamshitakia Mwenyezi Mungu majonzi yake, alisema hayo mbele ya wanawe, kwa sauti, wakamsikia. Hakujifanya hana. Wanavyuoni wetu wa zamani nao hawakuona haya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliigawa huzuni mara mbili: ile yenye sababu unayoijua, kama kufiwa au kufilisika, na ile inayomjia mtu bila ya sababu ya wazi, ambayo aliihusisha na mwili, na damu. Alisema mwili na nafsi huambukizana maradhi. Hayo ni zaidi ya miaka 1,000 kabla ya mimi kuzaliwa kule Faza.

Ya kaka yako inaonekana ina mguu kwenye pande zote mbili. Deni lina mahali pake. Na bahari ya Lamu ya miaka hii ina mahali pake. Mji wa Mpeketoni, huku kwetu Lamu, uliposhambuliwa na watu wenye silaha Juni 2014 yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kafyu ikaja, kuvua usiku kukapigwa marufuku kwa miaka, na hapo ndipo mtu hujifunza kazi na kujenga nyumba. Kisha ikaja bandari na kuchimbwa kwa mkondo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hesabu za namna hiyo huhesabu nyavu na samaki, hazina safu ya mtu asiyelala. Na jambo jingine ambalo huenda halikuwapita nyinyi peke yenu: kusi inawaweka wanaume wengi nyumbani, kwa hiyo mgonjwa na aliyepumzika hukaa baraza moja na hakuna anayewatofautisha mpaka upepo ugeuke. Msijilaumu kwa kuchelewa.

Hospitali watafanya nini? Kwanza watamuuliza maswali, mara nyingi tisa: usingizi, hamu ya kula, nguvu, kujilaumu, kushindwa kufurahia alichokipenda, fikra za kufa na kadhalika, kwa muda wa wiki mbili zilizopita. Watampima damu, kwa kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo na maradhi mengine hujivika sura hiihii. Waambieni habari ya muguka bila kuficha. Mtu anayetafuna hadi alfajiri hawezi kujua kama usingizi umemkimbia au ameufukuza mwenyewe, na tabibu naye hawezi kujua. Kama anatumia kingine, bangi au unga, nalo lisemwe, hapo ni ndani ya msana. Na liko swali moja ambalo foleni ikiwa ndefu husahaulika, nanyi mlitaje wenyewe: je, aliwahi kuwa na kipindi cha kinyume, siku nyingi halali na hachoki, anasema mno, anatumia pesa ovyo, anajiona anaweza kila kitu? Kama ndiyo, dawa yake ni nyingine, maana za huzuni peke yake zinaweza kumrusha juu.

Si lazima awe bingwa wa magonjwa ya akili ndiye aanze tiba. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa mwongozo wa kuwawezesha afisa tabibu na muuguzi wa kawaida kuitibu huzuni hii, na akihitaji zaidi ataandikiwa rufaa. Akipewa fluoxetine, mjue haifanyi kazi kama panadoli. Nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne, na siku za mwanzo anaweza kuwa na kichefuchefu au kukosa utulivu, kwa hiyo wiki hizo ndizo za kumwangalia kwa karibu zaidi. Haimfanyi mtu awe mtumwa wake kama vile vidonge vya usingizi vinavyouzwa kiholela. Akipewa amitriptyline, nayo ni dawa nzuri na ya bei nafuu, lakini ikizidi ni hatari sana, hivyo ichukuliwe kidogokidogo na ikae kwako au kwa mkewe. Akishapona ataendelea kumeza, takriban miezi 9. Wengi huacha mwezi wa pili kwa kuwa wamejisikia vizuri, kisha hurudi kwangu wakiwa pale walipoanzia.

Dawa peke yake haitoshi. Msingoje moyo wake upende ndipo afanye jambo, maana katika ugonjwa huu moyo hufuata mguu. Wiki ya kwanza ateremke pwani na mtu, awafulie wenzake maji chomboni, arudi. Wiki ya pili atengeneze nyavu. Kwenda kuvua kutafuata, na wenziwe, si peke yake. Na lile deni, mtumeni yule mjomba akazungumze na tajiri, lipangwe kwa mafungu. Nimeona deni likipangwa likafanya kazi ya nusu ya dozi.

Umeniambia hukaa barazani kila usiku. Hapo nina wivu mdogo wa kitaalamu. Zimbabwe, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa ambaye nauli ya basi ya kumfikia ilikuwa imemshinda. (Mtu wa Kizingitini anayehesabu nauli ya boti atamwelewa.) Mwaka 2006 akawachukua akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kulifumua tatizo moja kwa wakati, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Hawakusema "ugonjwa wa akili". Walisema kufungisisa, neno la Kishona, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema mawazo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, ya watu 573 katika zahanati 24, yalionyesha kuwa baada ya miezi 6 karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za huzuni. Kwa walioketi na akina bibi, walikuwa kama 14 katika kila 100.

Harare walilazimika kuchonga mabenchi. Sisi tunayo ya mawe, yamejengwa na mababu, na kila usiku yamejaa wanaume wanaozungumza siasa, mpira na bei ya kamba, na mmoja wao hasemi kitu. Kama yuko mwanamume mmoja katika baraza hiyo aliyewahi kutibiwa na akawa tayari kumwambia kaka yako, kando, wawili tu, "Nami nilikuwa hivyo, nikenda hospitali," neno lake litafika mbali kuliko yangu yote haya. Ulizaulize. Nimefanya kazi mji huu muda wa kutosha kukuambia kuwa wako zaidi ya mmoja.

Umeandika habari ya kaka yako, ya mkewe, ya mama, ya mdogo wako na posa yake. Barua yako niliipata saa tisa kasorobo za usiku. Wewe je, mwanangu, unalala?